Barua kwa mwanangu wa Matamba: kuhusu ile kazi ya 115

Mwanangu,

Salamu kutoka Tukuyu. Huku mvua haijapumzika, migomba miwili imeliangukia banda la kuku, ila kuku wazima na sisi wazima.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Unasema wamekufuata nyumbani, wanataka wewe na Noah yako muingie kwenye orodha ya madereva jamii wa 115, ile namba ya simu ya dharura ya uzazi, uwe unawabeba wajawazito na vichanga pale gari la wagonjwa linapokuwa mbali. Mkeo hataki kusikia. Nawe unaniuliza: "Mama, wewe umekaa nyuma ya hayo magari tangu sisi wadogo, niambie ukweli, nikubali au niache?" Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu utanikatiza nikifika kwenye yale usiyopenda kuyasikia.

Kuendesha gari mimi sijui, hata baiskeli ilinishinda. Lakini nikiwa nesi nimeendeshwa, tena na madereva wa kila tabia, kwa hiyo nitakueleza kazi hiyo inavyoonekana ukiwa nyuma na mgonjwa.

Nianze na mbio, kwa sababu nakujua. Bado unajisifu ulivyomkuta mwenzako njiani ukamwacha na ukafika Chimala wa kwanza. Kwa magunia ya viazi sawa. Barabara ile ya Matamba kushuka Chimala inaitwa Hamsini na Saba kwa hesabu ya kona zake, na mimi nimezishuka kona hizo nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya Land Cruiser, mkono juu ya tumbo la mama aliyejifungua alfajiri na damu haikatiki. Kizazi kikikaza unakisikia chini ya kiganja, kigumu kama kiazi kibichi. Kikilegea, damu inarudi, na kazi yako ni kuendelea kusugua mpaka kikaze tena, huku chupa ya dripu inagonga dirisha na ndugu wa mgonjwa anasali kwa sauti. Sasa dereva aingie kona bila taarifa. Natupwa ubavuni, mkono unatoka, kizazi kinalegea, tunaanza upya. Kona inayofuata, hivyo hivyo. Akifika chini atasema tumewahi, lakini damu iliyomwagika kwa ajili ya kuwahi huko yeye hakuiona.

Kulikuwa na dereva mmoja, mzee wa Kikinga, huyo alikuwa anatangaza kona. "Kulia, nesi!" Nakaza mguu kwenye benchi. "Kushoto, nesi!" Nabadilisha goti. "Shimo!" Njia nzima ni hivyo, wala hakugeuka nyuma hata mara moja kuuliza mgonjwa anaendeleaje. Nilimpenda kwa hilo. Dereva anayegeuka kuangalia mgonjwa kwenye barabara ile atatuzika sote. Yule mama alifika akiwa anaongea, akaongezewa damu, akapona. Na mzee alikuwa ameshuka kwa gia ndogo tangu juu, injini inanguruma, breki anazigusa tu. Noah yako ni otomatiki, ukishuka na D ukikalia breki mpaka chini zitachemka na hazitakamata pale unapozihitaji. Hili unalijua kuliko mimi, lakini najua pia ukisikia mtu analia nyuma utalisahau.

Halafu kuna masika. Watalii wanapanda hifadhi ya Kitulo kuangalia maua miezi ile ile ambayo sisi tulikuwa tunaiogopa, ukungu mzito hadi huoni boneti, tope linateleza kama limepakwa mafuta, na mafuso yaliyopakia lumbesa yanapandisha yakiwa yameshika katikati ya njia. Wao wanapiga picha. Wewe utakuwa unapiga honi.

Lakini wagonjwa wengi tuliowapoteza hawakupotelea barabarani. Walikuwa wamekwisha kuchelewa kabla gari halijawashwa. Kwenye semina walitufundisha kwamba mzazi anacheleweshwa mara tatu: nyumbani wakati wa kuamua, njiani wakati wa kusafiri, na hospitalini wakati wa kusubiri kuhudumiwa. Huko nyumbani nimeona mengi. Mume amekwenda Usangu kwenye mpunga, mama mkwe anasema asubiriwe. Wanasubiri. Baadaye wanafunga machela ya miti na blanketi, vijana wanambeba kwa zamu hadi zahanati, zahanati inaandika rufaa, na hapo ndipo gari linaanza kutafutwa.

Na gari lenyewe! Zamani hizo, wilaya yenu ya Makete ikiwa bado ndani ya mkoa wa Iringa kabla Njombe haijawa mkoa mwaka 2012, gari moja lilikuwa linabeba wagonjwa, chanjo, wakaguzi na kila anayekwenda kikaoni wilayani. Unamhitaji dereva, unaambiwa yuko Iwawa, atarudi kesho. Au gari lipo, dereva yupo, mafuta hakuna. Kuna kituo nilichofanyia kazi, sikitaji, ndugu walikuwa wanaambiwa wachange mafuta kwanza. Saa tisa usiku utampata wapi mtu wa kununua gunia la viazi? Nimesimama pale nje na mgonjwa mwenye uchungu pingamizi, yaani mtoto amekwama hatoki, ndugu zake wanahesabu noti za elfu moja moja kwa kurunzi, na gari limeegeshwa mbele yetu. Hasira ile sijaimaliza mpaka leo.

Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu 115, mimi siwezi kuwa mtu wa kati. Mpango huo, m-mama, ulijaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa, ukazinduliwa kwa nchi nzima Aprili 2022. Namba ni ya bure. Anayepokea simu amefundishwa, anauliza dalili, anaamua mgonjwa apelekwe wapi na achukuliwe na nani. Gari la wagonjwa likiwa karibu litakwenda, likiwa mbali ndipo wanakupigia wewe, na malipo yako yanaingia kwenye simu. Ni kwa mjamzito, kwa aliyejifungua hadi siku 42, na kwa kichanga hadi siku 28. Mtu aliyevunjika mguu kwenye pikipiki hayumo, na watakuja kukugongea wakidhani yumo, jiandae kwa hilo. Utafiti wa taifa wa 2015/16 ulionyesha vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000; ule wa 2022 ukaonyesha 104. Sitakudanganya kwamba ni kazi ya magari peke yake, maana vituo vya afya vingi siku hizi vina vyumba vya upasuaji ambavyo sisi hatukuwa navyo. Lakini mama asipofika, chumba cha upasuaji hakimsaidii.

Sasa mkeo. Msikilize, ana haki. Simu italia saa nane usiku mwezi wa saba, nje kuna barafu kwenye majani, naye ataachwa na mtoto asijue utarudi lini. Maana kurudi ndiko kunakochosha. Umemfikisha mgonjwa Chimala, kumekucha, una njaa, hujui usafishe wapi hicho kiti, kupanda hujui kama kuna abiria. Mlipokuwa wadogo mkiamka mnakuta kitanda changu kitupu, na baba yenu anawapikia uji uliojaa madonge. Unakumbuka. Kaeni mpange siku ambazo simu yako iko wazi na siku ambazo haiko, na uwaambie wa 115 hivyo hivyo. Ukisema Jumamosi hupatikani, watatafuta mwingine. Ukisema unakuja halafu ukajigeuza upande wa pili, kuna mwanamke amekaa kwenye benchi la zahanati anaangalia barabara.

Na fedha za ndugu usiziguse. Hata za soda. Watakupa wenyewe kwa shukrani, lakini ukipokea leo, kesho kijiji kizima kitajua kwamba gari la bure linataka kitu kidogo, na mama mkwe mwingine ataamua kusubiri.

Kuhusu gari lenyewe, tengeneza hita. Ulisema Desemba haifanyi kazi na ukaona ni anasa. Kichanga aliyezaliwa kabla ya wakati anauawa na baridi upesi, na Matamba unaijua baridi yake. Kichanga wa namna hiyo asifungwe tu kwenye mablanketi akalazwa kwenye kiti. Awe ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama yake, kofia kichwani, soksi miguuni, kanga na blanketi juu yao wote wawili. Mama akiwa hajiwezi, shangazi au bibi afungue vifungo. Nimewahi kumwambia baba mtu, mwanamume mzima wa kazi za mbao, avue shati. Aliniangalia kama nimechanganyikiwa. Alivua. Alishuka kona zote akiwa hapumui vizuri kwa kuogopa kumwangusha, na tulipofika mtoto alikuwa na joto kuliko mimi.

Mjamzito alale ubavu wa kushoto. Akilala chali, uzito wa mtoto unakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na yeye anaweza kuzirai. Mwenye kifafa cha mimba akianza kukakamaa, ndugu watatafuta kijiko wamtie mdomoni. Wakataze. Simamisha gari mahali salama, alazwe ubavu, nesi afanye kazi yake. Kelele zipunguzwe, na redio hiyo yako izimwe.

Ndugu wote watataka kupanda. Chukua anayeweza kusema ndiyo au hapana kwa niaba ya mgonjwa, na kama nafasi ipo ongeza mwenye afya anayeweza kutoa damu. Mjomba aliyelewa abaki.

Kiti cha nyuma kitandikie makintoshi, ile shuka ya mpira isiyopitisha maji, juu yake kanga kuukuu. Beba glavu za akiba kwa ajili yako mwenyewe. Damu isioshwe kwa maji matupu wala kwa sabuni ya nguo tu: jiki kipimo kimoja, maji vipimo sita, kwa ile jiki ya kawaida ya dukani ya asilimia 3.5. Mwagia, acha dakika kumi, ndipo ufute. Madirisha wazi. Usimpe mtoto wa jirani akuoshee.

Nimefika kwenye lile ambalo nadhani ndilo hasa linalomtisha mkeo, ingawa amekuambia ni usingizi. Kuna siku mtu atafia ndani ya gari lako. Sisi manesi tulikuwa na ripoti ya asubuhi, tulikuwa na wenzetu wa kulia nao jikoni kwenye chai. Dereva alikuwa anapewa ndoo. Ndivyo ilivyokuwa, na sijawahi kusikia mtu akiuliza dereva amelalaje. Utaosha gari, na keshokutwa yuleyule mtu wa kijijini atakaa kwenye kiti hicho kwenda mnadani, na kama habari imevuja, wengine watakataa kupanda. Utapoteza abiria kwa muda, hilo liweke kwenye hesabu zako. Wewe usiseme. Usitaje nani ulimbeba, alikuwa na nini, alipiga kelele gani. Hata kwa mkeo taja safari tu, usimtaje mtu. Lakini usikae nalo kifuani pia. Nipigie mimi. Nimestaafu, usiku silali sana, na hakuna utakachoniambia ambacho sijakiona.

Umesikia yote. Jibu langu ni kubali, kwa masharti kwamba mkeo awe amekubali zile siku mlizopanga, na hita iwe inawaka kabla hujaandika jina. Hita ikishindikana kwa fundi wako wa Matamba, mlete gari Uyole, yupo kijana anayezijua Noah. Na breki aziangalie huyo huyo.

Makintoshi ninayo moja nzima, ile nene ya kijani, na kofia nne za vichanga nilizofuma wakati wa mvua hizi. Nitampa dada yako akienda Mbeya Ijumaa, naye atakutafutia mtu wa basi la kwenda Chimala. Uzifuate mwenyewe stendi, kondakta akikaa nazo atazigeuza zulia.

Msalimie mkeo, umwambie sikumpinga. Mbusu mjukuu wangu.

Mama yako