Shabiki akimlipia mama kodi, chuo kinaingiaje?

Swali: Nipo Dallas, mpwa wangu anacheza futiboli ya Kimarekani sekondari, anakimbia balaa, vyuo vimeanza kupiga simu. Juzi kuna mzee ana kampuni yake, shabiki wa chuo fulani, kamwambia dada atamlipia kodi ya nyumba kijana akisaini kule. Chuo hakijamwajiri huyo mzee. Sasa wakikamatwa chuo kinafungiwaje kwa hela ya mtu baki?

Jibu: Kaka, hii kazi ya kusimamia sheria za usajili chuoni nimeifanya miaka kadhaa na hilo swali halikosekani. Kwa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, huyo mzee sio mtu baki, wanamuita busta. Ukishachangia timu, au ukimsaidia kocha kumshawishi kijana hata mara moja, ushakuwa busta na hiyo haifutiki, hata uache kuchangia leo. Hela yake inahesabika imetoka chuoni. Wamefanya makusudi, maana bila hivyo kocha angekaa zake kimya halafu tajiri ndo anazunguka na bahasha.

Na hapo hapo Dallas ndo kuna mfano mkubwa kuliko yote, chuo kikuu cha SMU. Wachezaji 13 walilipwa kama dola 61,000 kutoka mfuko wa busta, na watu wa idara ya michezo walikuwa wanajua, tena chuo kilikuwa tayari kiko chini ya uangalizi kwa makosa ya nyuma. Mwaka 1987 NCAA ikawafutia msimu mzima, wa 1988 chuo kikaufuta chenyewe, skolashipu 55 zikaenda. Halafu Bill Clements, gavana wa Texas, akakiri kwamba alipokuwa mwenyekiti wa bodi ya chuo alikubali malipo yaendelee kwa wale waliokwisha ahidiwa, gavana mzima! Waliporudi 1989 walishinda mechi 2 wakapigwa 9, na boli, yaani zile mechi za mwaliko za mwisho wa msimu, walikuja kucheza tena 2009.

Adhabu ya hivyo kwenye futiboli ya vyuo vikubwa haijarudi tena. Tennessee mwaka 2023 walikutwa na makosa zaidi ya 200, wakapigwa faini ya dola milioni 8 na kukatwa skolashipu 28, na kocha wao wa zamani Jeremy Pruitt akawekewa miaka 6 ambayo chuo kikimtaka lazima kijieleze kwanza NCAA. Boli hawakufungiwa, siku hizi wanakwepa kuwaumiza vijana wasiohusika. Mimi naona ni sawa, maana ile kesi ya mchezaji Reggie Bush pale chuo cha USC, ambayo nayo ilikuwa na nyumba waliyokaa wazazi wake bure, adhabu ilitoka 2010 yeye yuko NFL, ligi ya kulipwa, tangu 2006, waliokosa boli misimu miwili ni watoto waliomkuta ameshaondoka.

Najua utasema siku hizi si wanalipwa? Ndio, tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kula hela ya jina na picha yake, lakini iwe kwa kazi ya kweli, na sasa dili la mtu wa nje likifika dola 600 linaripotiwa likaguliwe. Kodi ya mama sio tangazo.

Dada asipokee kitu, meseji za huyo mzee asizifute, na apige simu ofisi ya sheria za michezo ya hicho chuo aulize. Hapo hajamchoma mtu, ni kumlinda kijana asije akafungiwa kucheza. Mzee kama kweli ana biashara, amwandikie kijana mkataba wa tangazo akishaanza chuo.