Spika kupiga "tap" kila ukibonyeza mute

Mkuu, umeuliza kwa nini spika zinapiga "tap" kila ukibonyeza swichi ya mute uliyoweka kwenye waya za sauti. Hiyo tap inatokea kwa sababu swichi yako inakata sauti ghafla wimbi likiwa katikati, au kuna DC (umeme wa mwelekeo mmoja) imebaki kwenye kapasita (kile kifaa kinachotunza chaji). Umesema bodi ni PCM5102A (chipu ya DAC, inayogeuza sauti ya kidijitali kuwa ya analogi), basi ya nini kuhangaika na swichi kwenye waya za sauti? Tumia pini ya XSMT, yaani pini ya mute ya hiyo chipu, ukiipeleka graundi chipu yenyewe inashusha sauti taratibu, na ukitaka kuzima anza na mute ndo ukate umeme.

Ikigoma weka rezista ya 100k (kiloohm 100) kutoka waya wa sauti kwenda graundi, baada ya kapasita, Kariakoo zimejaa bei ya kutupa. Ila ampu ikiwa ya 230V usiifungue kama hujazoea, kapasita kubwa zinabaki na chaji hata ukichomoa plagi, mpe fundi.