Unataka kuchambua manga? Anza na aliyeichora

Wiki iliyopita binti mmoja wa Morogoro ameniandikia kuhusu manga, yaani katuni za hadithi za Kijapani: "Shikamoo kaka. Mimi ni shabiki wa manga tangu nikiwa sekondari. Natamani kuwa mchambuzi, tena kwa Kiswahili, lakini kila nikianza najikuta nasimulia tu nani kampiga nani. Nifanyeje? Na je, si bora niandike Kiingereza nipate watu wengi?"

Marahaba mdogo wangu. Nilianza kukujibu kwa ujumbe mfupi, jibu likawa refu, nikaona niliweke hapa maana najua hauko peke yako. Wengi mnaonisoma mnataka hicho hicho: mkizungumza kuhusu kitu mnachokipenda, watu watulie wawasikilize.

Jibu langu ni moja na nitalirudia mpaka mchoke. Mjue aliyechora.

Mimi ni mtoto wa kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video. Naruto, yule kijana ninja, nilimjua kwenye benchi la mbao, watoto tumebanana, feni haifanyi kazi. Hatukujua kama kuna mtu anaitwa Masashi Kishimoto. Kwetu sisi Naruto aliletwa na mwenye kibanda, basi, na diski ikikwama tunamzomea yeye. Nilipofika chuo rafiki yangu akanionyesha kwenye simu kwamba hadithi imetangulia mbali kuliko tulipoishia, na ipo kwenye karatasi, inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Nikawa nasoma usiku wa manane, saa za bando la bei nafuu. Kwenye jalada la kila juzuu kulikuwa na jina la mtu. Huyo mtu alianza kuichora mwaka 1999 na akamaliza 2014. Miaka 15 ya maisha yake, wiki baada ya wiki! Toka hapo nikawa siwezi tena kusoma manga bila kumuwaza aliyeinama mezani.

Kijiwe chetu cha Jumamosi pale Sinza kilianza kama vijiwe vyote. Ubishi wa ligi. Wahusika wa manga tunawapambanisha: Goku na Saitama nani mkali, Luffy akikutana na nani anakufa. Tulikuwa tunapiga kelele mpaka muuza juisi anatuomba tupunguze sauti. Raha ilikuwepo, siikatai, ila watu walikuwa wanakuja mara moja au mbili kisha wanapotea, kwa sababu ubishi wa namna ile ukishausikia mara moja umeusikia wote.

Mambo yalibadilika Mei 2021, zilipokuja habari kwamba Kentaro Miura amefariki. Alifariki tarehe 6, akiwa na miaka 54, mshipa mkubwa wa damu ulipasuka, na sisi tulitangaziwa wiki mbili baadaye. Manga yake, Berserk, alikuwa anaichora tangu 1989. Jumamosi ile nilikwenda kijiweni nimejiandaa. Nilisema leo hatubishani, naomba dakika zangu. Nikafungua ukurasa mmoja tu kwenye simu, ukurasa wa vita, tukaukuza mpaka ikaonekana mistari ya kalamu kwenye bamba moja la chuma la vazi la Guts, shujaa wa hadithi. Mistari myembamba, imepishana juu ya mingine, hakuna mahali mkono ulipopita haraka. Nikawauliza: hapa panachukua muda gani? Hakuna aliyejibu. Hapo ndipo wengi walielewa kwa nini sura mpya za Berserk zilikuwa zinachelewa kiasi kile, wakati miaka yote tulikuwa tunamwita mvivu.

Septemba mwaka huo jarida la Young Animal likachapa sura ya 364, ile ya mwisho aliyoifanyia kazi, ikamaliziwa na wasaidizi wake. Sura inafungwa na Griffith, yule yule aliyewatoa wenzake kafara, machozi yanamtoka. Juni 2022 ikatangazwa kwamba hadithi itaendelea: wasaidizi wa Studio Gaga wanachora, na anayesimamia ni Kouji Mori. Mori naye ni mchoraji, alisoma na Miura tangu sekondari, na alieleza kwamba karibu miaka thelathini nyuma Miura alimwita akamsimulia hadithi nzima hadi mwisho wake. Aliahidi kuandika yale tu aliyoambiwa na rafiki yake, asiongeze la kwake. Nilipolisimulia hilo kijiweni kuna kaka mmoja, mtu mzima mwenye familia, alitoka nje. Wiki iliyofuata watu walikuja wengi kuliko viti. Najivunia siku ile mpaka leo, na sioni sababu ya kuficha.

Sasa nikueleze linaloniuma. Maandishi ya mazungumzo yale ya kijiweni kuhusu Miura na Mori niliyaandaa mimi, nikayagawa kwa wenzangu kwa moyo mweupe. Mmoja wao aliyachukua yote, akayasoma neno kwa neno kwenye video yake, hata ule mfano wa bamba la chuma, kama ameuona yeye. Watu wakampongeza. Nilipomfuata akaniambia, "Kaka, si manga tu hii?" Miaka imepita, tunasalimiana, ila lile neno halijanitoka. Manga tu.

Na ndivyo tunavyowafanyia wachoraji kila siku. Unapakia ukurasa wa mtu aliyekesha akiuchora, jina lake umelikata pembeni, lako umelibandika katikati. Halafu unalalamika hakuna anayeheshimu kazi yako. Ukitaka kutajwa, taja. Andika jina la mchoraji, jarida alimo na sura unayoizungumzia. Hata kama wafuasi wako ni ndugu zako tu.

La pili, ambalo ukiliangalia vizuri ni lile lile: soma kazi yenyewe, siku yenyewe. Shueisha, wachapishaji wa jarida la Shonen Jump, walifungua Manga Plus, programu ya kusomea manga mtandaoni, Januari 2019, na kwetu huku inafunguka bila shida. Sura tatu za mwanzo na tatu za karibuni za hadithi nyingi ni bure. Sura mpya za Jump zinatoka saa sita usiku wa kuamkia Jumatatu huko Japani, ambayo kwetu Afrika Mashariki ni Jumapili saa kumi na mbili jioni. Jumapili jioni! Hakuna saa nzuri kuliko hiyo. Lakini ukiwauliza mashabiki wengi watakwambia sura wameshaisoma tangu Alhamisi, yaani wameona picha za kuvuja, zimepigwa kwa simu juu ya jarida, zina ukungu, tafsiri ya kubahatisha. Mtu anasoma mistari mitatu ya maelezo kisha anatangaza kwamba mwandishi kaharibu hadithi. Februari 2024 polisi wa Japani waliwakamata watu wawili kwa mambo ya kuvujisha kurasa kabla ya siku yake, kwa hiyo si utani. Mimi kijiweni kwetu niliweka sharti: kabla ya Jumapili jioni hakuna kuzungumzia sura mpya. Wapo walioondoka kwa hasira. Waliobaki ndio wenye maneno ya maana.

Nasema hivi kwa sababu nimeona jinsi tunavyowatolea mapovu watu tusiowajua. Yoshihiro Togashi wa Hunter x Hunter alikaa kimya tangu mwishoni mwa 2018 hadi Oktoba 2022. Tulimtukana sana kwa Kiswahili safi. Baadaye akaeleza mwenyewe kwamba kwa kiasi cha miaka miwili hakuweza kukaa kwenye kiti akachora, kwa ajili ya mgongo na nyonga. Sasa hivi anapakia picha za kona ya karatasi, kinaonekana kipande kidogo cha mchoro na namba ya ukurasa, na mashabiki dunia nzima wanashangilia hiyo namba. Eiichiro Oda anachora One Piece tangu Julai 1997. Mwaka 2023 alisimama wiki nne afanyiwe upasuaji wa macho. Akira Toriyama, aliyemchora Goku, ametutoka Machi 2024 akiwa na miaka 68. Hawa ni watu wenye migongo na macho. Ukiwa mchambuzi ukasahau hilo, utakuwa unapiga kelele tu kama tulivyokuwa tunapiga sisi kwenye benchi.

Mdogo wangu, umesema ukianza unajikuta unasimulia ngumi. Nakupa mazoezi. Chukua manga ya Dandadan. Kabla hujasema chochote kuhusu Okarun na Momo, wahusika wake wakuu, tafuta mchoraji wake, Yukinobu Tatsu, alikuwa nani kabla hajaianza 2021. Utakuta alikuwa msaidizi wa Tatsuki Fujimoto kwenye Chainsaw Man. Fungua zote mbili uziweke pamoja, uone kipi amekichukua kwa bosi wake na kipi amekikataa. Fujimoto anapenda kuacha visanduku vya picha vinavyofuatana vikiwa karibu sawa, mhusika anasogeza jicho tu. Tatsu anajaza ukurasa mpaka pembeni, nyumba zinapinda, mazimwi yanatoka kila upande, na bado jicho lako halipotei. Hapo una maneno ya nusu saa, na hujamtaja aliyempiga mwenzake. Ukimaliza rudi kwa Oda, naye alikuwa msaidizi wa Nobuhiro Watsuki, aliyechora Rurouni Kenshin. Kila mchoraji ana aliyemfundisha. Fuata hiyo njia.

Jua pia jinsi jarida linavyoendeshwa. Ndani ya Shonen Jump kuna kadi ya maoni ambayo msomaji wa Japani anajaza hadithi tatu alizozipenda wiki hiyo. Hadithi changa ikikosa kura inaweza kukatwa ikiwa na sura kama ishirini tu. Ukilijua hilo, utaacha kushangaa kwa nini hadithi fulani imefungwa ghafla, adui mkubwa kaja na kufa ndani ya sura mbili. Hapo mchoraji ameambiwa afunge, naye anajitahidi kuwaaga wasomaji wake vizuri.

Na tafadhali, tusiwajue wa Tokyo tukawasahau wa nyumbani. Baba yangu alikuwa na maboksi ya magazeti ya Sani uvunguni, na kabla sijamjua ninja yeyote nilimjua Ndumilakuwili wa katuni za humo. Kizazi cha baba kilicheka na Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru. Kenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo, miaka na miaka. James Gayo alimchora Kingo mpaka akawa na jarida lake. Ukimwuliza kijana wa kijiweni amtaje mchoraji mmoja wa hapa, anakuna kichwa, huku wa Japani anakutajia mpaka wasaidizi wao. Hilo linanikera kuliko hata picha za kuvuja. Sasa kila mwezi tunatenga Jumamosi moja kwa ajili ya wachoraji wa huku kwetu, na anayekuja lazima alete ukurasa mmoja na jina la aliyeuchora.

Umeniuliza mwishoni kama ni bora uandike Kiingereza upate watu wengi. Usifanye hivyo. Kwa Kiingereza kila sura ina wachambuzi maelfu kabla hata hujawasha simu. Manga Plus ina Kiindonesia, Kithai na Kivietinamu, Kiswahili hakimo, kwa hiyo kuna mtoto Kigoma na mwingine Bukavu wanasoma kwa kubahatisha, na hawana mtu wa kuwaeleza kwa nini Fujimoto kaacha kisanduku kitupu. Anza na hao. Dandadan hutoka Jumatatu jioni kwa saa zetu, isome mara mbili, kisha niandikie ulichokiona kuhusu mkono wa Tatsu. Nitajibu.