Kabla hujanunua renjifainda ya filamu: kwa mnaoanza hapa Dodoma

Vijana wanaoanza kupiga picha kwa renjifainda ya filamu, yaani kamera unayoilenga kwa kulinganisha taswira mbili kwenye kidirisha, huniuliza kwanza kuhusu kampuni: ninunue Canon, Yashica au Olympus? Mimi nawaomba mwanze na swali jingine. Betri ikiisha, kamera hii inapiga au haipigi?

Renjifainda ndogo nyingi mtakazoziona zikiuzwa zilitengenezwa kati ya miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1980. Ni vifaa vya umri wa wazazi wenu, na viwanda vyake viliacha kutoa vipuri zamani. Canonet QL17 GIII iliyotoka 1972 na Olympus 35 RC ya 1970 zina shata (mlango unaofunguka na kufunga kuingiza mwanga) ya kimakenika. Betri ikikata mnapoteza kipima mwanga na upigaji wa otomatiki, lakini kasi zote zinabaki. Yashica Electro 35 GSN ina lenzi tamu kweli, ila shata yake inategemea umeme, na bila betri inabaki na kasi moja tu, 1/500 ya sekunde. Olympus XA ya 1979, kazi ya Yoshihisa Maitani, inaingia mfuko wa shati. Naipenda sana, lakini bila betri haipigi kabisa. Mkiwa Kolo kule Kondoa kutazama michoro ya miambani, duka la betri za vidonge mtalipata wapi?

Na betri zenyewe zina habari yake. Canonet na 35 RC ziliundwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haitengenezwi tena. Mkiweka alkali ya volti 1.5, kipima mwanga kinadanganya. Betri za vifaa vya kusaidia kusikia, saizi 675, zinakaribia volti inayotakiwa, ila mkishabandua kile kibandiko zinaanza kuisha hata kama hamzitumii, na hewa kavu ya hapa inazimaliza upesi. Kwa hiyo jifunzeni kusoma jua. Mchana wa jua kali, weka f/16 (tundu la lenzi likiwa dogo) na kasi iliyo karibu na namba ya filamu, yaani ISO: filamu ya 100 kwa 1/125, ya 400 kwa 1/500. Hapo tayari mmefika mwisho wa uwezo wa kamera hizi, kwani nyingi hazina kasi kupita 1/500. Ndiyo maana kwa mchana wa kiangazi nashauri filamu ya 100 au 200. Ile f/1.7 inayosifiwa sana, yaani tundu la lenzi likiwa wazi sana, ina kazi yake jioni, au ndani ya tembe ambamo mwanga unaingia kwa mlango tu.

Kamera ikishafika mkononi, usiwe na haraka hata muuzaji akikunja uso. Fungua mgongo, lenzi iwe wazi kabisa, elekeza dirishani, piga kwa kasi ndogo iliyopo. Majani ya shata yafunguke na kufunga bila kusita. Yakibaki nusu wazi, mafuta yameyaingia, na joto la gari lililoegeshwa juani litazidisha. Kwenye Electro 35, vuta mkono wa filamu ukisikiliza: pasipo ule mlio wa kitu kugonga ndani, mara nyingi kipande cha mpira kimeoza na kamera itapima mwanga vibaya.

Kisha toka nje. Tafuta kitu kilicho mbali kabisa, mfano Msikiti wa Gaddafi ukiwa umbali wa kilomita moja hivi, zungusha lenzi hadi alama ya mbali kabisa. Taswira mbili kwenye kidirisha zikae kama kitu kimoja. Zikipishana kwa kando, fundi mwenye mkono mwepesi anarekebisha. Zikipishana juu na chini, kazi ni ngumu zaidi. Doa la katikati likiwa limefifia, kipande kidogo cha utepe mweusi katikati ya kioo cha mbele cha kidirisha huliongezea nguvu.

Sponji za kuzuia mwanga kwenye mlango wa nyuma karibu zote zimeoza, na jua letu halisamehe. Picha zitatoka na michirizi ya rangi ya chungwa. Hilo lisiwatishe. Safisheni kwa spiriti, mbandike uzi wa sufu mweusi. Kamera iliyotoka Dar au Tanga imulikeni lenzi kwa tochi ya simu, mtafute kuvu kama utando wa buibui. Huku kwetu kuvu si tatizo kubwa, adui ni vumbi. Badilisheni filamu mkiwa mmeupa upepo mgongo.

Muuzaji akijisifu kwamba kamera haijawahi kufunguliwa tangu kiwandani, mimi napunguza bei. Grisi ya miaka hamsini imekauka. Ninayoiamini ni ile iliyopita kwa fundi karibuni, hata kama ngozi imechubuka.

Filamu ya kwanza iwe ya majaribio tu: mita moja, mita tatu, mbali kabisa, lenzi wazi na lenzi iliyobanwa, kila kasi, yote yaandikwe kwenye daftari. Kazi ya harusi msiikubali kabla negativu hizo hazijarudi na mkazikagua moja moja.