Mtu kaanguka, mbona linakuja gari la zimamoto?

SWALI: Shikamoo dokta, jirani yetu kaanguka ghafla tukapiga simu ya dharura, wa kwanza kufika zimamoto na hakuna hata moshi, hivi ni sawa kweli?

JIBU: Marahaba. Ni sawa kabisa, sehemu nyingi wao ndo wanawahi maana vituo vyao vimetawanyika na zamu ipo saa 24, wamefundishwa huduma ya kwanza na wengi wanabeba mashine ya kushtua moyo, na moyo ukisimama ubongo unaanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6 hivi, sasa ambulensi ikiwa mbali je? Ila nyie msikae mnaangalia jamani! Kama hapumui mkandamizeni katikati ya kifua, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika mpaka wafike.