Muulize aliyelima pale

Shikamoo shangazi. Nimeuza alizeti, nina milioni mbili na nusu. Rafiki yangu wa chuo ananishauri nikope nyingine nikalime karanga ekari kumi Kongwa. Baba anataka nikaulize kwanza wenyeji. Nimsikilize nani? (Kijana, Nkuhungu)

Marahaba mwanangu. Msikilize baba yako. Mwaka 1947 Waingereza walishusha matrekta Kongwa wakafyeka pori walime karanga, kwa kuwa kwao mafuta ya kula yalikuwa adimu baada ya vita. Fedha walikuwa nazo, na wataalamu pia. Lakini mvua ya kule ni ya kubahatisha, na udongo ule wa mfinyanzi ukikauka unakuwa mgumu kama saruji. Karanga zikaivia ardhini, kuzing'oa ikawa kazi. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, paundi zaidi ya milioni 30 zimepotea. Simaanishi Kongwa hakuoti karanga. Wenyeji wanazilima mpaka leo, maana wanajua ni wapi pana kichanga na mvua ya kwanza si ya kuaminiwa. Nenda ukalale huko hata siku tatu. Mtafute mzee aliyelima jirani na shamba unalolitaka, akusimulie mwaka uliomshinda, kwa sababu ule wa mavuno kila mtu atakusimulia. Halafu muulize rafiki yako kama naye ataweka fedha yake.

Shangazi, mimi ni karani. Mkubwa wangu anataka nisaini kwamba mzigo umepokelewa wakati haujafika. Nina watoto wawili na mimi ni mwoga. Nifanyeje? (Mama wawili, Chang'ombe)

Pole mwanangu. Mwoga angekuwa ameshasaini. Najua, kwa sababu nikiwa na umri wako nilisaini karatasi ya namna hiyo katika ofisi moja, na kwa miezi gari likisimama nje moyo ulikuwa unaniruka. Watakukumbusha kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwangu mimi methali hiyo ni ya kumzuia kijana anayekimbilia ugomvi, haimfundishi mtu kutia saini uongo. Usibishane naye mbele ya watu. Mfuate peke yake, useme kwa upole: "Bosi, mzigo ukifika tu, nasaini siku hiyo hiyo." Humtukani, na mlango hujaufunga. Ukifika nyumbani andika tarehe na maneno yenu kwenye daftari. Akikulazimisha, piga TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, namba 113, ni bure. Mkaguzi akija atamtafuta mwenye saini. Usiku huo usingizi unaweza kukukimbia. Mwambie ndugu unayemwamini, usibebe peke yako.

Mume wangu akishauriwa hukasirika, hata na kaka zake. Nimwambieje? (Bahi)

Mkiwa wawili, akiwa ameshakula. Sema mara moja, kisha mwache alale nalo. Asubuhi usimuulize ameamuaje.