Sauti Ikigoma Kwenye Linux, Tafuta Kwanza Ilipokwama

Kama unataka kufuta Linux yako na kuisakinisha upya kwa sababu ya sauti, nakuomba usubiri kidogo. Mimi nilifuta mara mbili, na mara zote nililikuta tatizo palepale nilipoliacha.

Nilikuwa narekodi kwa Ardour, programu ya kurekodi na kuhariri sauti. Kivinjari kikiwa kinacheza muziki, Ardour inagoma kuanza. Nikiitanguliza Ardour, kivinjari kinakuwa bubu. Niliamini draiva ni mbovu, kumbe ndani ya Ardour nilikuwa nimechagua ALSA, sehemu ya Linux ambayo huzungumza na kadi ya sauti moja kwa moja. Programu ikiishika kadi kwa njia hiyo, mara nyingi nyingine haipati nafasi.

Kilichoniokoa ni PipeWire, seva inayogawa sauti kati ya programu. Fedora, mojawapo ya aina za Linux, ilianza kuitumia kwa sauti katika toleo la 34, mwaka 2021, na Ubuntu, aina nyingine, ikafuata katika toleo la 22.10. PipeWire hukaa kati ya kadi na programu, ikazipokea zile zilizoandikwa kwa ajili ya seva nyingine za sauti, PulseAudio na JACK, na hata ALSA. Andika <code>pactl info</code> kwenye terminali. Jina la seva likitaja PipeWire, basi tayari unayo. Kwenye Debian au Ubuntu, ongeza kifurushi cha pipewire-jack, anzisha Ardour kwa <code>pw-jack ardour</code>, kisha ndani yake chagua JACK. Tangu siku hiyo kivinjari na Ardour vinasikika pamoja.

Na kama hakuna sauti kabisa? Anzia chini. <code>aplay -l</code> isipoitaja kadi yako, usihangaike na programu. Shida iko kwenye kerneli (kiini cha Linux) au draiva. Ikiitaja, <code>wpctl status</code> itakuonyesha kwa kinyota kifaa kinachotumika. Mara nyingi utakuta sauti inapelekwa HDMI, kwenye skrini isiyo na spika! Irudishe kwa <code>wpctl set-default</code> na namba ya kifaa unachokitaka. Pitia pia <code>alsamixer</code>: herufi MM chini ya mstari maana yake umezimwa, bonyeza M.

Sauti ikikwaruza, tazama bafa, yaani kiasi cha sampuli za sauti kinachokusanywa kabla ya kuchezwa. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya 1,024 ni milisekunde 21 hivi. Kwa kusikiliza muziki haina neno, ila ukiimba huku unajisikiliza utaona sauti yako inakufuata nyuma. Bafa ya 256 hushusha hadi milisekunde 5 na kidogo. Mimi huanzia hapo, na ikikwaruza napanda 512.